Pima Kibao Kabla ya Kubandika

Msomaji mpenzi, huenda utacheka ukisikia kwamba mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, hutumia jioni zangu kubandika askari wadogo wa bati juu ya vibao. Cheka tu, sitakasirika. Mke wangu naye alicheka. Lakini ukiisha kucheka, nisikilize, maana jambo hili dogo la kibao nusura linivunjie urafiki. Nalo lilinifunza neno ambalo labda litakufaa, hata kama hutaucheza mchezo huu maisha yako yote.

Nakaa katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, ambako nilikuja kwa kazi ya hospitali. Katika parokia yetu yuko mzee mmoja, fundi wa reli mstaafu, ambaye mkewe alifariki zamani. Jumapili moja baada ya Misa alinishika mkono, akaniambia, "Kijana wangu, njoo kwangu tunywe chai." Mgeni katika nchi ya baridi hakatai neno kama hilo. Nikaenda.

Kumbe juu ya meza yake ya chakula, badala ya sahani, palikuwa na nchi nzima! Palikuwa na kitambaa cha kijani, vilima, mto, na safu za askari ambao kimo chao hakizidi punje ya mchele. Wapanda farasi walikuwako, na ndovu pia, kila mmoja mdogo kama mbegu ya kunde. Nikamwuliza kama ana wajukuu. Akacheka, akasema, "Ninao, lakini hawa ni wangu mwenyewe."

Akanieleza. Mchezo huu wa vita vya mezani si wa juzi, wala haukuanza kwa watoto. Mwaka 1812 huko Prusia, bwana mmoja aitwaye von Reisswitz alimpelekea mfalme meza ya kuchezea vita, na mwaka 1824 mwanawe aliutengeneza upya ili maofisa wajifunze. Walitumia ramani iliyopunguzwa mara 8,000, pamoja na vipande vidogo vya kuonyesha vikosi. Angalia vizuri jambo hili: kila kipande kilikatwa kiwe na upana uleule ambao kikosi chenyewe kingeushika katika ramani ile. Kwa hiyo tangu mwanzo ukubwa wa kipande haukuwa pambo, ulikuwa na maana yake.

Baadaye, mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars. Humo askari walikuwa wakubwa kama kidole, kila mmoja akisimama peke yake, nao wakiangushwa kwa mizinga ya kuchezea iliyorusha vijiti. Wengine watauliza kama yafaa Mkristo kucheza vita. Hata Wells alilifikiri neno hilo, na mwisho wa kitabu akaona kwamba afadhali vita vya mezani, ambavyo havimwachi mtu mjane, kuliko vita vya kweli. Mwaka uliofuata, 1914, vita vya kweli vikaja. Mzee wetu asema kwamba tangu aanze mchezo huu hajapata kuiona vita kuwa jambo jepesi, maana amejifunza jinsi makosa madogo ya mkubwa mmoja yanavyowaangamiza wengi. Mimi namsadiki.

Basi, ukiwa na askari 20 wakubwa kama kidole, waweza kumsogeza kila mmoja peke yake. Lakini ukiwa na askari 1,000 walio kama punje za mchele, utakesha! Ndiyo sababu watu hubandika askari wengi juu ya kibao kimoja, na kibao hicho ndicho husogezwa, ndicho hupimwa, ndicho hugeuzwa, na ndicho huondolewa kikishindwa. Mwenye kucheza bao anafahamu kwamba mashimo alikwisha kuyachonga fundi, na kete yoyote huingia. Lakini katika mchezo huu kila mtu hukata mashimo yake mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Mzee alikuwa na jeshi la Karthago, jeshi la Hannibal. Mimi nikachagua Warumi, ili siku moja tupigane vita vya Zama, vya mwaka 202 kabla ya Kristo, huko Afrika ya Kaskazini. Nikanunua askari wa milimita 6, walioungana wanne wanne katika utepe wa upana wa milimita 20 hivi. Mzee alisema, "Ukifika kwenye vibao, tuzungumze kwanza." Nikaitika. Lakini msomaji, unazijua kelele za moyo wa mtu anayetaka kuonyesha kwamba yeye pia ni fundi! Nyumbani nilikuwa na kadibodi nyembamba, haifiki milimita 2. Nikaona kwamba utepe mmoja una upana wa milimita 20. Basi, nikajiambia, kibao nacho kiwe milimita 20 kwa 20, tepe mbili, moja mbele na moja nyuma. Vizuri, tena bila gharama! Nikakata vibao 120. Sikumwuliza mtu.

Kwa miezi sita, nilipotoka zamu ya kazi, nilipaka rangi. Binti yetu Neema alipaka ngao. Mke wangu alipita na chai akasema, "Baba Neema, una homa? Mbona unazungumza na vijiti?" Mwisho nilikuwa na askari 960, wanane kwa kila kibao, nami nilikuwa na kiburi kama tausi.

Jioni ile nikalipanga jeshi langu juu ya meza ya mzee. Akaliangalia kwa muda mrefu, akasifu rangi za ngao. Tukaanza. Vibao vyake vyote vilikuwa na upana wa milimita 60, na kwenda nyuma milimita 30, vya mbao nene ya milimita 3. Mara ya kwanza majeshi yalipokutana, kibao chake kimoja kiligusana na vyangu vitatu. Je, kikosi chake kimoja kinapigana na vikosi vyangu vitatu, au na kimoja? Nani atupe dadu, na mara ngapi? Sheria zake zilipima mwendo kwa upana wa kibao. Upana upi, wake au wangu? Tukakadiria tu, tukaendelea.

Kisha nikamwomba asogeze kikosi changu cha pembeni, maana mkono wangu haukufika. Akanyosha vidole. Kibao kilikuwa kidogo na chembamba, hakuna pa kushika ila askari wenyewe. Kikamponyoka. Akajaribu tena, kikaanguka sakafuni, na mikuki mitatu ikapinda. Akaniomba radhi, akasema taa ni hafifu. Baada ya dakika chache akasema amechoka, akaleta koti langu.

Wiki iliyofuata hakunialika, wala ya pili, wala ya tatu. Kanisani alinisalimu, kisha akaondoka upesi. Hapo shetani akapata mlango. Nikajiambia: mzee huyu alinipenda nilipokuwa mwanafunzi, sasa nina jeshi langu, hataki kushindana nami. Nikafika mbali zaidi, nikawaza mambo ya rangi ya ngozi, ambayo naona haya kuyaandika hapa. Nikalifunga jeshi langu katika boksi.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Umemwuliza?" Sikuwa nimemwuliza. Basi Jumapili, bintiye mzee alipokuwa mlangoni mwa kanisa, nikamwuliza kama baba yake ana neno nami. Akashangaa. Akasema, "Baba? Hana neno na wewe hata kidogo. Mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana. Ana haya. Asema amekuharibia kazi ya miezi sita, na hataki kuiharibu tena."

Msomaji, nilisimama pale kama mti. Ndipo nilipokumbuka kwamba vibao vyake vilikuwa vinene, na kwamba kila mara alivishika kwa kingo, kwa kidole gumba na cha pili, bila kuwagusa askari. Mimi nilidhani ni ushamba wa watu wa zamani. Kumbe alikuwa amevikata upya, kimya kimya, kwa ajili ya mikono yake. Na aliponiambia tuzungumze kwanza, labda ndilo neno alilotaka kuniambia.

Usiku uleule nikaanza kuvibandua vibao vyangu ili nivitengeneze upya. Niliviloweka katika maji ya uvuguvugu, kama wanavyoshauri kwa gundi nyeupe ya seremala, nikaingiza kisu. Vibao viwili vya kwanza vilinivunjia askari watano miguuni. Nikaona kazi hii itanimalizia jeshi. Nikachukua kiburi changu kilichobaki, nikakiweka mfukoni, nikaenda kwa mzee na boksi langu. Nikamwambia, "Mzee, nilikata vibao bila kukuuliza. Nimekosa. Nifanyeje?"

Hakusema neno juu ya mikono yake, wala mimi sikusema. Alichukua rula. Akapima kibao changu: milimita 20. Akapima chake: 60. Kisha akatabasamu kama mtoto. "Usivunje," akasema. "Viunganishe. Tatu mara 20 ni ngapi?"

Na kweli! Vibao vyangu vitatu kando kando vilikuwa na upana wa kibao chake kimoja. Tukakata vibao vipya 40 vya mbao nene, 60 kwa 30, tukabandika vitatu vitatu juu yake. Askari wanane mara tatu ni 24, kikosi kizuri kuliko cha kwanza. Tena kwa kuwa vya zamani vilikwenda nyuma milimita 20 tu, ilibaki nafasi ya milimita 10 nyuma ya askari, na hapo tukabandika karatasi ndogo yenye jina la kikosi. Neema aliyaandika majina. Kazi niliyoiona imepotea ikawa bora kuliko nilivyokusudia.

Sasa, kama wewe au kijana wako nyumbani mwataka kuanza, nitakuambia yale ambayo mzee alinifundisha jioni zile za kukata mbao, ili usipite njia yangu.

Kwanza, jiulize utacheza na nani. Huu ndio mlango wa mambo yote. Mwaka 1990 kilitoka kijitabu cha sheria kiitwacho De Bellis Antiquitatis, ambacho jeshi lake zima ni vibao 12 tu. Kwa askari wa milimita 15 upana wa kibao ni milimita 40, na kwa wale wa milimita 25 upana ni 60. Kwa kuwa watu wengi walikubali vipimo hivyo, mtu wa mji huu aweza kukutana na mtu wa mji mwingine ambaye hajamwona, wakaketi na kucheza. Kwa askari wadogo wa milimita 6, wengi hupenda 60 kwa 30, na wengine huchukua 40 ile ile na kujaza askari wengi zaidi. Hakuna iliyo dhambi. Ubaya ni kukata yako peke yako, kisha kushangaa kwamba huna mwenzako.

Pili, ujue kwamba upana wa mbele ndio mkuu. Upana husema ni adui wangapi waweza kukugusa, na kama waweza kupita mahali pembamba. Huko Zama, Scipio wa Warumi aliacha njia kati ya vikosi vyake, ili ndovu wa Hannibal, waliokuwa zaidi ya 80, wapite katikati bila kuwakanyaga watu. Kama vibao vyako havina upana mmoja, njia hizo mezani hazitapangika. Lakini urefu wa kwenda nyuma waweza kutofautiana: katika kijitabu nilichotaja, kwa kibao cha upana wa 40, askari wa miguu walioshikamana huenda nyuma milimita 15, wepesi 20, na wapanda farasi 30, kwa sababu farasi ni mrefu.

Tatu, usitafute kibao kisichosema uongo, maana hakipo. Tuseme milimita 1 ya meza ni meta 1 ya uwanja. Kikosi cha watu 480 kikisimama safu 8, kila safu ina watu 60. Mtu mwenye ngao hushika kama sentimeta 90. Kwa hiyo mbele ni meta 54, na kibao cha milimita 60 chakaribia sana ukweli. Lakini safu 8 hazihitaji meta 30 kwenda nyuma. Tena askari wa milimita 6 ni mtu aliyepunguzwa mara 300 hivi, hali ardhi imepunguzwa mara 1,000. Yaani askari ni mkubwa mara tatu kuliko nchi anayoikanyaga! Basi chagua ukweli wa mbele, uusamehe uongo wa nyuma. Ukitaka vita vikubwa juu ya meza ndogo, sema tu kwamba kibao kimoja ni watu elfu mbili, na mkubaliane.

Nne, fikiri mahali pa kuwalaza. Vibao vya kipimo kimoja hupangika kama matofali. Katika kifuniko kimoja cha boksi la viatu mimi hulaza vibao 24. Tukiweka bati chini ya kifuniko na sumaku nyembamba chini ya kila kibao, hawasogei hata ndani ya basi.

Tano, kata kibao kimoja tu kwanza. Panga askari juu yake bila gundi. Kisogeze, kigeuze, kiweke karibu na kibao cha mwenzako. Kisha mpe mwenzako akishike. Angalia vidole vyake. Kama analazimika kumshika askari kwenye mkuki, kibao ni kidogo au ni chembamba. Neno hili la tano mzee hakunifundisha kwa kinywa. Nilijifunza mwenyewe, nawe umekwisha kujua jinsi gani.

Bwana wetu alitupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Zamani nilidhani gharama ni fedha na vifaa tu. Sasa naona kwamba katika hesabu ile yuko pia mtu mwingine, yule atakayepanda ngazi za mnara wako. Mimi nilipima utepe wa askari, nikapima kadibodi, nikapima mfuko wangu. Mkono wa mzee sikuupima.

Tulipigana Zama yetu majira ya baridi yote. Nakiri kwamba mara nyingi Hannibal alinishinda, kinyume cha historia. Sasa mzee amehamia katika nyumba ya kutunzia wazee. Chumba chake ni kidogo, meza kubwa haikuingia. Lakini kila Jumamosi ya pili, nikitoka zamu, hupitia kwake na kifuniko kimoja cha boksi la viatu, vibao 12 vyake na 12 vyangu. Tunapanga juu ya ile meza ndogo ya kando ya kitanda, katika safu mbili, nayo yatosha kabisa.

Siku hizi hata kibao kinene hawezi kukishika. Hunyosha kidole tu, nacho hutetemeka, lakini kwa kuwa kibao kina upana wa milimita 60, najua daima amekionyesha kipi. "Ndovu wale," husema, "mbele." Nami nawasogeza dhidi ya askari wangu mwenyewe, kwa uaminifu, kama ningemsogezea mtu yeyote.

Basi, msomaji mpenzi, kabla hujabandika, pima. Na kabla hujapima, uliza. Mungu akubariki wewe na wote wanaokaa mezani pako.